MWENYE SIMBA YUKO WAPI?

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Ikungi

WAZEE wa Unyaturu wana habari moja ambayo hawapendi kuisimulia usiku. Miaka ya 1946 na 1947, Mwingereza akiwa bado ndiye bwana mkubwa wa nchi hii, watu wa Singida waliokotwa mashambani na njiani wakiwa wameraruliwa. Kwanza ikasemwa ni simba. Baadaye ikasemwa si simba, ni watu waliovaa ngozi za simba. Wazee wanasema kijana alichukuliwa angali mdogo, akafichwa, akafundishwa kuua, kisha mfugaji wake akawa anamkodisha kwa yeyote mwenye chuki na jirani yake na mwenye kitu mkononi. Mkoloni akaleta polisi. Akakamata, akashitaki, akanyonga.

Wasomi wameandika mengi juu ya jambo hilo na wamebishana vya kutosha. Mimi si msomi, nimeishia kidato cha nne. Lakini kila nikiisikia habari hii nabaki na swali lile lile. Aliyevaa ngozi tumeambiwa. Je, aliyemfuga? Je, aliyelipa?

Ndugu msomaji, karibu miaka 80 imepita na nchi hii bado inauliza swali nusu. Kijana akishika panga mjini, taifa zima linapiga kelele: kamata simba! Simba anakamatwa, anapigwa risasi, magazeti yanauza, wakubwa wanapongezana. Mwenye simba anakunywa chai kwake.

PANYA HAWAISHI KWA MTEGO MMOJA

Tukumbushane. Usiku wa Januari 2, 2015, jiji la Dar es Salaam lilishikwa na kiwewe. Maduka yalifungwa, watu walikimbia ovyo, mama aliacha sufuria jikoni. Kisa? Panya Road. Kabla yao tulikuwa na Mbwa Mwitu. Watoto wa uswahilini, wengine hata ndevu hawajaota, wakitembea makundi makundi na mapanga. Polisi wakaingia mitaani, wakakamata vijana kwa mamia. Wenye hatia na waliokuwa wanatoka dukani kununua sukari, wote gari moja.

Tukaambiwa kazi imekwisha. Imekwisha? Septemba 2022 jina ni lile lile, mapanga ni yale yale. Mwanafunzi wa chuo akauawa kwao Kawe. Siku chache baadaye polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa sita. Makofi yakapigwa nchi nzima. Sitaki unafiki: yule binti alikuwa na haki ya kuishi, na waliomuua walistahili kusimama mbele ya hakimu na kufungwa. Lakini jiulize kama mtu mzima. Mwaka 2015 mlikamata mamia. Miaka saba baadaye panya wamerudi. Hao wa 2022 wengi wao mwaka 2015 walikuwa shule ya msingi. Nani aliwafundisha? Nani alikuwa mtaani kwao siku ile wanajiunga, wa kuwashika bega na kuwaambia, "Mdogo wangu, huko mimi nimetoka, hakuna kitu"?

Hakuna aliyekuwepo. Wale wanaoweza kusema maneno hayo na kijana akasikiliza tumewagawa mafungu matatu: waliokufa, walio gerezani, na wanaojificha. Hao wa tatu ndio ninaotaka kuwazungumzia leo.

KIJANA WA STENDI

Hapa Ikungi, barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Singida inapita katikati. Mabasi yanasimama, kinamama wanauza asali na kuku, na vijana wa bodaboda wanasubiri abiria kwenye jua. Katika kijiwe kimoja yupo jamaa ambaye jina lake silitoi, nisimponze. Aliondoka hapa akiwa na miaka 16 kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Maisha hayakuonekana, kundi likaonekana. Alikaa nalo miaka minne. Ana kovu la panga kuanzia sikioni hadi shingoni, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji. Amerudi nyumbani, analima alizeti kidogo na anaendesha pikipiki ya mtu.

Mwaka jana, mchana kweupe, mtoto wa kama miaka 15 alikamatwa na kuku wawili wa wizi. Kuku wawili, msomaji! Hata nauli ya kufika Morogoro hawatoi. Dakika tano hazikupita, tairi imeletwa, petroli imetolewa kwenye tangi la pikipiki. Unawajua wale ambao magazeti yetu huwaita "wananchi wenye hasira kali". Nilikuwepo. Ninaona aibu kusema kwamba mimi, mwandishi, nilikuwa natafuta kalamu.

Jamaa yetu akapita katikati ya watu, akakaa chini, chini kabisa kwenye vumbi, pembeni ya yule mtoto. Hakuhubiri. Aliuliza tu, "Kiberiti kitawashwa na nani? Ataje jina lake na la baba yake, nianze kumfahamu." Kimya. Akauliza tena, "Petroli hii ya nani?" Mwenye petroli akaangalia pembeni. Akasema, "Mimi nilishawahi kuwasha. Nilikuwa katikati ya watu kama hawa. Mpaka leo nasikia ile harufu nikichoma nyama. Anayetaka kuisikia maisha yake yote, awashe."

Hakuna aliyewasha. Mwenye kuku akachukua kuku wake. Mtoto akapelekwa kwa mjomba wake, akachapwa, akalima siku tatu shamba la aliyemwibia. Yuko hai.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka baada ya mwaka kimehesabu mamia ya Watanzania wanaouawa namna hiyo, kwa mawe na tairi. Siku ile Ikungi haikuchangia hesabu hiyo, na hakuna fedha ya serikali hata senti iliyotumika.

Sasa sikia malipo yake. Siku mbili baadaye jamaa aliitwa kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Akaulizwa: wewe ulijuaje kuongea na wezi? Kwa nini ulimtetea? Ulisema uliwahi kuwasha, uliwasha wapi, lini, na nani? Na mwishowe lile swali lenyewe: utatuletea majina ya wenzako, au tukuunganishe na kesi iliyopo? Alitoka jioni, baada ya kutoa "ya soda". Soda ilikuwa hesabu ya siku tano za pikipiki, na mwenye pikipiki hakutaka kusikia habari ya soda.

Nilimfuata kijiweni. Akaniambia, "Dogo, siku nyingine nikiona tairi napita zangu."

Msomaji wangu, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mtu mmoja mwenye uwezo wa kuzuia mauaji katika mji mdogo kama huu ameamua kuacha. Hakuachishwa na majambazi. Ameachishwa na wanaolipwa mshahara kuzuia majambazi.

DAWA ILIPITA HAPA KWETU

Kuna daktari Mmarekani anaitwa Gary Slutkin. Miaka ya 1980 alikuwa Somalia kwenye kambi za wakimbizi akipambana na kifua kikuu na kipindupindu. Baadaye akafanya kazi na Shirika la Afya Duniani katika vita ya ukimwi, Uganda ikiwa mojawapo ya nchi alizohudumia. Aliporudi kwao Chicago akakuta vijana wanauana kwa bastola kila kukicha. Akatazama ramani za mauaji, akaona kitu alichokizoea huku Afrika: vifo vimekaa mafungu mafungu, kimoja kinazaa kingine, kama kipindupindu.

Akajiuliza: kipindupindu tulikizuiaje? Hatukuwapiga risasi wagonjwa. Tulimtafuta mgonjwa wa kwanza, tukamfikia kabla hajaambukiza, tukabadilisha desturi ya mtaa mzima. Na tulimtuma nani? Hatukumtuma mgeni mwenye koti jeupe. Tulimtuma mtu wa pale pale ambaye watu wanamwamini.

Basi mwaka 2000 akaanza katika mtaa mmoja wa Chicago kuwaajiri watu ambao genge linawaheshimu, wengi wao wahuni wastaafu, waliokwishatumikia vifungo. Kazi yao ni moja: kusikia nani amekasirika, nani ametukanwa, nani ndugu yake ameuawa jana na leo anatafuta silaha, kisha kwenda kukaa naye mpaka damu ipoe. Hawakamati. Hawapeleki majina polisi. Siku wakipeleka jina moja, kazi imekufa na wao wamekufa.

Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu, kwa fedha za serikali ya Marekani, walipima kazi hiyo wakakuta ufyatuaji wa risasi umepungua katika maeneo kadhaa, ingawa si yote. Mwaka 2015 fedha za jimbo zikasimamishwa. Mwaka 2016 mji ule ukazika watu zaidi ya 700 waliouawa. Sisemi sababu ni hiyo moja, wenyewe bado wanabishana. Nasema hivi: elimu iliyopikwa katika kambi za Somalia na vijiji vya Uganda ilikwenda kuokoa watoto wa Marekani, na sisi tuliokaa jikoni hatujaonja hata ukoko!

Msiniambie hiyo ni ya wazungu. Nendeni Nairobi, mtaa wa Korogocho. Vijana ambao zamani walikuwa wanakaba watu kando ya mto walijikusanya mwaka 2017, wakajiita Komb Green, wakasafisha taka za mto kwa mikono, wakapanda miti, wakatengeneza bustani ambapo sasa watoto wanacheza. Walichoka kuzikana. Kwa sababu Kenya nako risasi haikuuliza nani ameacha na nani hajaacha. Mwaka 2008 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ilitoa ripoti juu ya vijana waliodaiwa kuwa Mungiki, ikataja watu karibu 500 waliouawa au kupotezwa. Mungiki iliwaua Wakenya wasio na hatia, hilo halina ubishi. Lakini kijana anayetaka kutoka ataponea wapi, kama ndani kuna panga la kiapo na nje kuna bunduki ya serikali?

Mlango wa kutoka ukifungwa, aliye ndani anazidi kuwa mkali. Hata paka ukimfungia chumbani atakurukia usoni.

"MHUNI NI MHUNI TU"

Najua kuna msomaji anafoka. Anasema: mimi nimeibiwa simu, dada yangu amekatwa mkono, leo unataka mhuni apewe heshima? Mimi niliyetulia nikasoma nikakosa ajira napata nini?

Kaka, hasira yako ni ya haki na sikuombi uwasamehe. Mwenye kesi ajibu kesi. Nazungumzia yule aliyekwishatumikia kifungo chake, au aliyeacha mwenyewe na hana wa kumshitaki. Huyo atakaa wapi? Mwezini? Atakaa mtaani kwako. Unachochagua ni awe upande gani wa panga usiku wa leo.

Wengine watasema: tunao sungusungu, tunao ulinzi shirikishi. Sawa. Sungusungu walianza wenyewe miaka ya mwanzo ya 1980 huko Shinyanga na Tabora, jirani zetu hapa, baada ya wananchi kuchoka kuibiwa ng'ombe huku dola ikisinzia. Walisaidia, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini waliua pia, na walipiga watu mpaka wakakiri wasichokifanya. Polisi jamii ya mwaka 2006 ilikuja na maneno mazuri. Mitaani nilikopita, wamebaki vijana wenye virungu na kitabu cha risiti. Wote hao kazi yao inaanza mwizi akishaonekana. Anayemfikia kijana kabla hajawa mwizi, yuko wapi?

WANAOFUGA SIMBA

Sasa tuingie mahali ambapo wakubwa hawapendi tuingie.

Mwezi Julai 2012, mimi nikiwa bado shule ya msingi, kule Ndago, Iramba, mkoa wetu huu huu wa Singida, siku ya mkutano wa CHADEMA zilitokea vurugu na kijana kiongozi wa tawi la UVCCM akauawa. Kijana wa kijijini, mtoto wa mkulima. Aliyezikwa siku ile hakuwa mbunge, wala waziri, wala mwenyekiti wa chama chochote cha taifa.

Miaka ile kila chama kilikuwa na jeshi lake. CCM walikuwa na Green Guard. CUF walikuwa na Blue Guard. CHADEMA walikuwa na Red Brigade. Rangi tatu, kijana mmoja: hana kazi, ana kifua, anapewa fulana, mlo na ahadi. Mwaka 2019 sheria ya vyama ikarekebishwa na kupiga marufuku vikundi hivyo. Marufuku ya karatasi! Njaa iliyompeleka kijana pale haikupigwa marufuku.

Nayasema haya katika gazeti la upinzani, na mhariri akitaka akate. Lakini hatuwezi kuwanyooshea kidole wenye dola huku chetu kimefichwa mfukoni. Aliyemvisha kijana fulana akamwambia "linda kura kwa lolote", awe wa kijani, wa bluu au mwenye gwanda la khaki, ni mfuga simba. Tofauti ni kwamba mmoja ana polisi nyuma yake na mwingine hana, na tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Lakini haimfufui yule wa Ndago.

Kisha uchaguzi ukiisha, kijana anabadilishwa jina. Jana alikuwa kamanda, leo ni mhuni. Na neno hili mhuni limekuwa gunia, kila kitu kinatiwa humo. Anayekaba ni mhuni. Machinga ni mhuni. Anayeandamana ni mhuni. Oktoba 29, 2025 tuliona vijana wakijaa barabarani katika miji yetu, tukaona intaneti ikizimwa na Dar es Salaam ikiwekewa amri ya kutotoka nje, na watu wakafa. Kudai haki ni jambo moja, na kukaba raia ni jambo lingine. Serikali isiyotaka kuona tofauti hiyo inawafundisha vijana kwamba hakuna tofauti. Somo hilo likieleweka, tutalia wote.

TUNATAKA NINI?

Sitaki kulalamika tu kama mlevi aliyenyimwa kangara. Nataka mambo manne.

Kwanza, aliyeacha aachwe. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023, na kilio cha wananchi juu ya kukamatwa ovyo na kubambikiwa kesi kimo. Ripoti haikuandikwa ili ipambe kabati. Kijana asiyekuwa na kesi asiitwe ofisini kwa sababu ya kovu lake.

Pili, mpatanishi asigeuzwe mtoa habari. Anayetaka majina akayatafute mwenyewe, ndiyo kazi anayolipwa. Jamaa wa stendi akionekana mara moja anaingia ofisi ile na daftari, hakuna mtoto mwenye tairi shingoni atakayemsikiliza tena.

Tatu, wapewe kazi. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia 4 kati ya hiyo ni ya vijana. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana kikiwa na mtu aliyewahi kufungwa kisitupwe nje kwa sababu hiyo. Mtu mwenye mashine ya kukamua alizeti hana muda wa kukaba. Na kule machimboni Mang'onyi, ambako vijana kutoka kila kona wanakutana na fedha, pombe na ugomvi, mtu mmoja anayejua kupoza damu ana faida kuliko karandinga zima linalofika watu wakishachinjana.

Nne, na hili ni letu sisi vijana: tukatae ngozi. Akija mheshimiwa na shangingi, akiteremsha fulana na kukwambia kuna "kazi ndogo ya usiku", mwulize mwanawe yuko wapi usiku huo. Akikwambia yuko bweni anasoma, mrudishie fulana yake. Kama kazi ni ya heshima, aanze na wa nyumbani kwake.

Wiki iliyopita nilipita kijiweni. Jamaa alikuwa anapanguza pikipiki. Vijana wawili walikuwa wanatukanana kwa ajili ya abiria, mmoja ameshashika spana. Jamaa hakuinua kichwa. Nikamwangalia. Akaniangalia. Akatema mate, akanyanyuka taratibu, akaenda akasimama katikati yao.

Ameenda tena, baada ya yote aliyofanyiwa. Hana mshahara wala barua, na hana mtu wa kumtetea ofisini kesho akiitwa. Waheshimiwa, mtu huyo anafanya kazi yenu. Mkishindwa kumlipa, basi angalau mwacheni aifanye.

Na siku mkiwa mnatafuta simba wa kukamata, anzeni na mwenye zizi.

Naomba kutoa hoja.